Najat na Grafu ya Sukari Guru

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare za shule, Najat alikoroga uji wa mdogo wake Farhan. Unga ukishaiva, alitia kijiko cha karanga zilizosagwa na kijiko cha dagaa waliotwangwa mpaka wakawa vumbi. Ndivyo muuguzi Rosalia wa kliniki alivyoelekeza, kwa kuwa Farhan, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa mwepesi kuliko wenzake. Lakini uji wa dagaa unanuka dagaa. Farhan aliutema mara tatu ndipo aumeze mara moja, na mama yao, Hamida, alimbembeleza huku maandazi yake ya kuuza yakiungua.

Najat alikuwa darasa la sita katika shule moja ya Buguruni. Siku hizo mwalimu Didas alikuwa akifundisha grafu. Aliandika ubaoni takwimu za nchi ya mfano, isiyokuwemo katika ramani yoyote, zikionyesha jinsi protini aliyoipata kila mtu kutoka katika vyakula mbalimbali ilivyobadilika kwa miaka kumi. Kila mwanafunzi alipewa chakula kimoja, na grafu zao zilikuwa za kubandikwa ukutani siku ya wazazi.

Wenzake walipata maharage, mayai na samaki. Najat aliangukiwa na sukari guru. Mwaka wa kwanza, kila mtu alipata kutoka humo gramu 0.01 za protini kwa siku. Mwaka wa kumi, gramu 0.03. Alipozichora, mstari ulilala chini kabisa ya karatasi.

Aqeel, waliyeketi naye dawati moja, alichungulia. Babu yake, mzee Bandali, alikuwa na duka la sukari guru sokoni.

"Naja, huo mstari au unywele umeangukia karatasi?"

"Niache."

"Sie tunauza mzigo kwa mzigo, we unatuchorea unywele. Babu akiuona atalia."

Waliokaa nyuma wakacheka. Najat alikuwa mtu wa kustahimili njaa na jua, si kuchekwa. Jioni ile alichukua manila mpya na kuchora upya. Safari hii chini ya karatasi palikuwa 0.01 na kileleni 0.03, hivyo mstari ulipanda kutoka kona ya chini mpaka kona ya juu. Kisha akafuta namba zote za pembeni. Juu akaandika kwa wino mwekundu: PROTINI YA SUKARI GURU YAONGEZEKA MARA TATU. Hakuna neno la uongo aliloliandika. Aliificha tu namba iliyomwaibisha.

Aliibandika ukutani sebuleni ili isikunjike. Mama yake akaisoma akiwa amempakata Farhan.

"Protini si ndiyo ile anayoisema nesi kila siku?"

"Ndiyo, mama."

"Na sukari guru inayo?"

"Inayo."

"Tena mara tatu." Hamida akacheka kwa furaha. "Kumbe tunamtesa mtoto na dagaa bure. Nina binti msomi ndani, nami sijui."

Najat alifungua mdomo. Akaiona furaha usoni mwa mama yake, akaufunga.

Tangu siku ile uji ukawa mtamu. Karanga na dagaa viliondoka, ikaingia sukari guru iliyokunwa, na Farhan akawa analamba bakuli mpaka linang'aa. Hamida aliwasimulia majirani wawili, na Najat akamtambia Aqeel shuleni.

Wiki tatu baadaye walikwenda kliniki. Rosalia alimtundika Farhan kwenye mzani, akaweka nukta katika kadi yake, kisha akakunja uso. Nukta ile ilikuwa chini ya ile ya mwezi uliopita.

"Mzani wako uko sawa, nesi?" Hamida aliuliza. "Mbona mtoto anamaliza bakuli?"

"Mzani uko sawa. Anamaliza bakuli la nini?"

Hamida alieleza yote, akimsifu binti yake. Rosalia akamgeukia Najat.

"Hiyo grafu yako, mwanangu, ilisema gramu ngapi?"

Najat aliitazama kadi. Namba za kilo zilikuwa zimepangwa pembeni, hata moja haikufutwa. Angeweza kusema amesahau. Farhan alikuwa bado ananing'inia mzanini, miguu yake membamba ikipigapiga hewa.

"Sifuri nukta sifuri tatu," alisema. "Niliona ni kidogo, nikazifuta namba. Nilitaka mstari upande."

Rosalia hakumfokea. "Sukari guru karibu haina protini; mtoto angeila mpaka tumbo limuume, na bado asingepata protini ya kijiko cha dagaa. Rudisheni dagaa na karanga leo hii."

Hamida alimfunga Farhan mgongoni, akaikaza kanga mara mbili, ingawa mara ya kwanza ilitosha. Njiani ndipo aliposema.

"Ungeniambia siku ile."

"Ulikuwa umefurahi, mama."

"Nilifurahi kwa sababu nilikuamini."

Maneno hayo yalimuuma Najat kuliko fimbo. Siku ileile alikwenda kwa majirani wawili, akawaeleza kosa lake mmoja baada ya mwingine. Kisha akaichana ile grafu, akachora nyingine yenye namba zote. Juu yake aliongeza mstari wa maharage. Mstari huo ulikuwa ukishuka mwaka hadi mwaka, lakini hata uliposhuka, ulikuwa juu mno ya ule wa sukari guru.

Siku ya wazazi ilifika mwezi uliofuata. Mzee Bandali alisimama na Aqeel mbele ya grafu ile, akavaa miwani.

"Shikamoo, babu," alisema Najat.

"Marahaba. Aqeel aliniambia kuna grafu ya mara tatu, niiombe nikaitundike dukani. Iko wapi?"

"Nimeichana, babu. Ilimpunguza uzito mdogo wangu."

Aqeel alikuwa na mzaha tayari mdomoni. Akaumeza.

"Na sasa anaendeleaje?" aliuliza mzee.

"Jana amepimwa. Kutoka kilo nane na nusu amefika kilo nane na gramu mia tisa."

Mzee Bandali alipitisha kidole juu ya namba za pembeni, moja moja, kutoka chini hadi juu.

"Vizuri. Umenitajia alikotoka na alikofika," alisema. "Mie nauza sukari guru tangu ujana wangu. Ni ya utamu, na sioni haya kusema hivyo. Ningeitundika ile yako ya kwanza, ningeuza sana, na watoto wa watu wangekonda. Sikilizeni nyote wawili. Mtu akikwambia kitu kimepanda, muulize kimefika wapi. Na wewe ukiulizwa, jibu hata kama jibu linakuaibisha. Aibu yako utalala nayo, kesho itapungua. Mtoto aliyenyimwa chakula hawezi kungoja mpaka wewe uache kuona haya."