Anayetembea Nami

Asubuhi ile yote yalipoanza haikuwa na jambo. Chini ya chumba chao dobi alikwisha washa mashine zake na sakafu ikawa inatetemeka taratibu, kama kawaida. Birika lilichemka likajizima. Mvua nyembamba ya nchi ile, isiyojua kunyesha wala kukoma, ilikuwa imelala juu ya kioo cha dirisha. Dada yetu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa akipiga pasi sketi yake ndefu ya kazini.

Nyumbani tulimwita Wakili. Tangu sekondari hakuna mdahalo aliowahi kushindwa, na hata akitumwa chumvi ilikuwa lazima kwanza atoe hoja. Kanisa lilipotangaza kuwa linatafuta vijana wa kupeleka Neno ng'ambo, alisimama kabla tangazo halijafika mwisho.

Wamisionari wa kanisa lao hawaendi mmoja mmoja. Kila binti hupewa mwenza, na mwenza hamwachi mwenza: sokoni pamoja, mlangoni pamoja, kwa mgonjwa pamoja. Kila asubuhi, kabla mtu hajagusa kitasa, hupiga magoti wakitazamana, na kila mmoja humwombea mwenzake kwa jina. Mlezi wao, mama mtu mzima aliyewapokea uwanja wa ndege, alilisisitiza hilo kuliko hata kufunga gesi. "Ukimwombea mtu, mtaje," aliwaambia. "Sala isiyo na jina ni mlango usio na komeo."

Wakili aliona hayo ni maneno ya kizee.

Sasa tuseme ukweli wa Mungu. Nani aliyejifunza lugha ya watu wale mpaka akaweza kumbishia mwenye nyumba na kumshinda? Wakili. Nani aliyepanda ngazi za maghorofa yasiyo na lifti na mfuko wa vitabu begani? Wakili. Na nani aliyependwa? Mwenzake. Binti mfupi mwenye mwanya, ambaye kila akifungua kinywa aliivunja lugha ya wenyewe vipandevipande, nao wakacheka, wakamvuta ndani, wakampa kiti cha karibu na hita. Wakili alimpachika jina la Sukari. Wala haikuwa sifa. Alimaanisha kitu kinachojaza nyumba sisimizi.

"Dada, leo umenuna," Sukari alimwambia siku moja kwenye ngazi.

"Sijanuna. Ndivyo uso wangu ulivyo."

"Basi huo uso tuuombee."

Sukari alicheka peke yake hadi ghorofa ya juu.

Kijiba cha roho hakianzi na mambo makubwa. Cha Wakili kilianza na mkate. Muuza mikate wa pembeni alimpa Sukari mkate wa moto, bure, akaufunga vizuri kwenye karatasi. Wakili akapewa chenji. Basi. Mkate wenyewe waliula wote, lakini wake ulimkwama.

Kesho yake, ndiyo asubuhi ile, walipopiga magoti, jina la Sukari halikutoka. Si kwamba alilisahau, alilizuia.

"Bwana, mbariki anayetembea nami," alisema, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. "Mfungulie milango. Watu wampende."

Sukari alifumbua jicho moja, akangoja jina. Halikuja. Wakaitikia amina. Waliposhuka ngazi dobi aliwashikia mlango kwa adabu. Wakapita wote wawili, naye akaendelea kuushikilia kidogo, kisha ndipo akauachia.

Tangu siku hiyo Wakili hakulitaja tena lile jina. Kila asubuhi ilikuwa ni anayetembea nami, anayetembea nami. Na milango ikafunguka kweli! Nyumba zilizokuwa zikiwazimia taa sasa ziliwakaribisha. Wenye nyumba walimsikiliza Wakili nusu, macho yao yakipita juu ya bega lake. "Mwenzako ana huruma sana," walimwambia wakimsindikiza. "Mwenzako ni mtulivu." Wakili aligeuka, akamwona Sukari amejiinamia, anapenga kamasi. Huyu ndiye mtulivu? Roho ilimwuma mpaka ikamfundisha tabia ya kuhesabu tabasamu za watu.

Jambo moja tu ndilo lililombakia, nalo lilikuwa lake kabisa: Mama Fundi.

Mama Fundi alikuwa mjane, mshona nguo, mwenye kibanda cha chumba kimoja na cherehani ya miguu. Wakili ndiye aliyemgundua, siku Sukari alipokuwa akichekacheka na watoto nje. Ndiye aliyemshikia vitambaa akikata, aliyesikiliza habari za marehemu mume wake mpaka akazijua kuliko marehemu mwenyewe. Sasa yule mama alikuwa anabatizwa Jumapili, wa kwanza kwa Wakili tangu afike. Na kwenye kanisa lao, aliyemleta mtu ndiye humshika mkono akishuka kwenye birika la ubatizo. Nyumbani habari zilikwisha fika. Mama mkubwa alikuwa ameziimba kwa majirani: "Mwanangu Jumapili anamshika mtu mkono!"

Jumatano Mama Fundi, pini zikiwa mdomoni, akasema kama anayesema habari za hali ya hewa:

"Mkono nitashikwa na mwenzako."

Wakili alidhani hakusikia vizuri. "Na mimi?"

"Wewe utaimba, mwanangu. Una sauti."

Usiku huo Sukari alishikwa na homa, akalala anatetemeka. Wakili alimtazama, na nisingependa kuwaambia alichokuwa anakiwaza.

Alhamisi mchana alivunja kanuni. Sukari alipolala, Wakili alitoka kwa ncha za vidole, akafunga mlango kwa nje na kuchukua ufunguo, ili Mlezi akipita adhani wametoka wote. Alikwenda kujitetea. Hoja zake zilikwisha jipanga kichwani: kwanza, haki, pili, jasho, tatu, kanuni ya kanisa.

Mama Fundi alifurahi kumwona. Alivuta kigoda, akavuta na kingine. Akamimina chai kikombe kimoja, akamimina na cha pili, akakisogeza mbele ya kigoda kitupu.

"Niko peke yangu leo, mama," Wakili alisema.

Mama Fundi alicheka, kama watu wazima wanavyocheka utani wa watoto. "Simama nikupime kanzu ya Jumapili," akasema. Lakini hakumwambia Wakili. Alichukua utepe wake akasogea kwenye kigoda cha pili, akauzungusha hewani mahali panapostahili kuwa kiuno, akaunganisha ncha.

Utepe ulikaa. Haukulegea. Ulikuwa umezunguka kitu.

"Kiuno chembamba," alinong'ona yule mama. "Na baridi, maskini. Mnamlisha kweli?"

"Mama." Wakili alisikia sauti yake ikitoka mbali. "Unampima nani?"

"Mwenzako."

"Mwenzangu anaumwa. Nimemwacha kitandani."

"Yule mfupi mwenye mwanya? Yule simsemi." Mama Fundi aliandika kipimo kwa chaki kwenye kitambaa cheupe. "Namsema huyu asiyeongea. Huyu anayekuja nyuma yako siku zote. Mbona unanitazama hivyo? Si mko watatu?"

Mvuke ulikuwa unatoka kwenye kikombe cha Wakili. Cha pili kilikwisha poa. Juu ya chai kulikuwa na utando, kama uliokaa tangu jana.

Kwa hiyo haikuwa Sukari. Milango ile, macho yale yaliyopita juu ya bega, huruma ile, utulivu ule: havikuwa vya Sukari hata siku moja. Alikuwa amemchukia mtu bure. Na aliyependwa alimwita mwenyewe, kwa magoti yake, kila asubuhi.

"Hebu niambie jina lake," Mama Fundi alisema. "Huwa natia jina kwenye pindo la kanzu ya ubatizo."



Mama Fundi aliinamisha sikio upande wa kigoda kitupu. Akaitikia kwa kichwa. Akatabasamu.

"Haya. Ameniambia mwenyewe."

Akatia uzi. Akaanza kushona. Wakili aliona herufi ya kwanza. Akaona ya pili. Hakungoja ya tatu, kwa maana lilikuwa jina lake yeye, jina lake la ubatizo, ambalo hakuna mtu wa nchi ile aliyewahi kulitamka sawasawa.

Alikimbia. Nyuma yake hakusikia hatua. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alipita kwa muuza mikate, akasalimia. Muuza mikate hakuinua kichwa. Alipofika kwa dobi alisema "samahani" mara mbili. Dobi alimfungia mlango usoni, taratibu, kama mtu anayefunga mlango uliosukumwa na upepo.

Juu, kufuli lilikuwa vilevile alivyoliacha. Akafungua.

Sukari alikuwa ameketi kitandani, anatabasamu. Kitambaa chenye maji kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya paji lake. Pembeni palikuwa na glasi iliyojaa.

"Umerudi tena?"

"Tena?"

"Si umetoka sasa hivi kufuata maji." Sukari alimshika mkono. "Dada, yale uliyoniambia... mimi nilishakusamehe zamani. Nilikuwa naona. Ila sikudhani utakuja kukiri mwenyewe."

"Nimekiri nini?"

"Kijicho. Umelia mpaka shuka limelowa." Alicheka kidogo, akakohoa. "Tena umeniombea. Kwa jina. Mikono yako tu ndiyo ilikuwa baridi."

Wakili aligusa ukingo wa shuka. Ulikuwa umelowa kweli.

Sasa hapa ndipo ninapomwonea huruma dada yetu, na ndipo ninapomkasirikia. Hofu haikumjia kwanza. Wivu ulitangulia. Kitu kile kilikuwa kimefanya lile jambo moja ambalo yeye hakuliweza, tena kimelifanya vizuri. Kilikuwa yeye, kuliko yeye.

Ijumaa homa ilimhama Sukari ikamwangukia Wakili. Alijaribu kusema. Akifungua kinywa, Sukari aliitikia "ndiyo, dada," lakini akitazama mahali pengine chumbani. Mlezi alikuja na supu, akaiweka kwenye kiti, akaondoka akisifu jinsi chumba kilivyo safi.

Jumapili asubuhi alizinduka akamkuta Sukari amevaa, viatu mguuni.

"Twende, dada, tumechelewa," Sukari alisema.

Hakutazama kitandani.

Alinyoosha mkono, vidole vikafumba kama vilivyoshika vidole vingine. Alitoka hivyo. Wakili aliita. Aliita kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Sukari hakugeuka. Mlango ulifungwa. Kisha ufunguo ukazunguka. Kwa nje.

Aliteremka kitandani akapiga magoti. Chini yake mashine za dobi zilikuwa kimya; ilikuwa Jumapili. Hoja zote zilikuwa zimemwisha, kwanza, pili, na tatu. Alibakiwa na jina. Alilitamka. Jina lote la Sukari, la kwake na la baba yake. Mbariki huyu. Mfungulie huyu. Mkono wa Mama Fundi ashike huyu, Bwana, huyu, si mimi, wala si yule. Alilirudia mpaka likapoteza maana, likabaki pumzi.

Mahali fulani ndani ya chumba, karibu sana, mtu alivuta pumzi kwa hasira. Kisha kitasa kikatikisika, na kufuli likafunguka lenyewe.

Jioni Sukari aliingia na makelele yake, kanzu iliyokunjwa mkononi. Safari hii alimtazama usoni. "He! Mbona uko sakafuni? Na mbona ulituacha ghafla?" Akasimulia. Mama Fundi alishuka majini akiwa ameshikwa na Wakili, anang'aa, kanisa zima linalia. Wakafika katikati ya birika. Hapo mara Mama Fundi akapiga kelele kwamba ameachiwa mkono, anazama, na Sukari akaruka na viatu vyake akamdaka. "Nikageuka, hupo. Umeacha kanzu tu inaelea. Ulitokea wapi?"

Wakili alisema aliona kizunguzungu. Ndio uongo pekee ninaojua aliwahi kuusema, na hakuna aliyeubishia.

Alimaliza muda wake, akarudi nyumbani. Kanisani bado wanamsifu kwa Jumapili ile, wanasema hata Mlezi alisimulia kwamba hajawahi kumwona binti aliyejawa na upendo kama alivyokuwa yeye siku ile. Dada yetu hutabasamu. Ukimtazama vizuri utaona inamwuma.

Asubuhi akisali, utachoka wewe. Hutaja kila mtu: mama, baba, mimi, wadogo zetu, muuza maziwa, paka wa jirani. Haruki hata mmoja. Zamani tulimcheka.

Siku hizi hatumcheki, kwa sababu ya ile kanzu. Alirudi nayo, anasema alipoitupa kule ugenini aliikuta kwenye sanduku lake. Imetundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha mama mkubwa, jina lake limeshonwa kwenye pindo. Jua letu mnalijua, linakausha hata mawe. Lakini chini ya ile kanzu mama mkubwa ameweka beseni, na kila asubuhi yeye ndiye hulimwaga.

Juzi nilimkuta anaandaa chai ya dada. Alimimina kikombe kimoja. Akachukua cha pili, akamimina, akakisogeza mbele ya kiti kitupu. Kisha akasimama na birika mkononi, akikitazama kile kikombe, kama anayejaribu kukumbuka ni nani aliyemwomba.