Mtutu Uliotazama Ndani

Bunduki ya mwindaji hulala imetazama mlango. Kijijini Kurubala hata mtoto anajua hivyo: mtutu kwa nje, kitako kwa ndani, ili kama kuna cha kufyatuka kifyatukie huko kwa wenye shida zao. Kwa hiyo Nankoman Keita alipoamka na kukuta gobore lake jipya limegeuka pale ukutani, limetazama ndani kama mgeni anayekagua vyombo, wa kwanza kumfikiria alikuwa mke wake.

"Sayon, nani kaigusa bunduki?"

"Mimi na bunduki yako wapi na wapi?" Sayon alikuwa anasonga ugali wa mtama, hata kichwa hakuinua. "Tangu uilete unaipaka mafuta kuliko unavyonipaka mimi. Iulize yenyewe imegeukaje."

Nankoman akaligeuza likatazama mlango, akakaa kula. Tonge la kwanza lilimnukia petroli. Akanusa mchuzi wa bamia, akanusa vidole vyake, akawatazama mkewe na binti yao mdogo, Nanyuma, wanavyokula bila wasiwasi. Akanawa mikono, akasema ameshiba.

Hakuwa ameshiba. Alikuwa ameitambua ile harufu.

Na hilo gobore lilivyopatikana ni habari ya kukalia kitako. Nankoman alikuwa mwindaji hodari asiye na bunduki, na wanawake wa kisimani walimcheka kama wanavyomcheka bwana harusi wa viatu vya kuazima. Kila mnyama aliyemwangusha, paja lilikwenda kwa mwenye bunduki, shingo kwa mhunzi aliyeitengeneza kama desturi ilivyo, wakubwa nao wakanyoosha mikono yao, na Sayon akabaki na mbavu na maneno. Bunduki za dukani Bamako hakuthubutu hata kuziulizia. Lakini mhunzi wa kijiji, mzee Bugari Fane, alikuwa anaweza kumtengenezea yake, ya kipimo chake mwenyewe.

"Kitako nitakuchongea cha mninga, kwa bei ya undugu," Bugari alimwambia, akimpima kwa kamba kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole. "Mkono mfupi huu, kama wa mwizi mvivu. Kinachoumiza mfuko ni mtutu. Lete chuma chako mwenyewe, bei itashuka. Ila usiniletee bomba la maji, likakupasukia usoni mkeo akashindwa kukutambua. Au akafurahi. Tafuta shafti ya usukani ya gari la zamani. Zile hazina mshono."

Sasa, Kurubala nzima ilikuwa na gari moja la zamani, pikapu ya Burema Kulubali, iliyobeba mkaa, mbuzi na wachuuzi kwenda sokoni. Na Keita na Kulubali ni watani, watani wa kuzaliwa nao: watatukanana mchana kutwa, na atakayekasirika ndiye mwenye makosa. Kila pikapu iliposimama, Nankoman aliipiga boneti.

"Mtumwa wangu, gari hili likifa, shafti ya usukani ni yangu."

"Mla kunde, umefika? Nilisikia upepo nikajua ni tumbo lako," Burema alijibu. "Shafti utaichukua nikiwa nimekufa mimi. Na hapo pia nitaishikilia kwa mikono miwili."

Watu wakacheka. Nankoman naye akacheka, lakini macho yake yalibaki chini ya usukani.

Kisha siku moja ya kiangazi breki zilikataa kwenye mteremko, pikapu ikatumbukia bondeni na Burema ndani yake. Aliyeikuta ni Nankoman, jua likishuka, akitoka kuwinda. Alikimbia hadi kijijini akiita watu. Alimbeba marehemu mgongoni mwake, akakataa kupokewa. Kila mtu alimsifu, na mjane, Tenin, mwanamke mpole asiyejua kupiga kelele hata msibani, alimwita arobaini ilipopita akamkabidhi shafti ya usukani kwa mikono miwili.

"Alikuahidi," alisema. "Ichukue, baba Nanyuma. Wewe ndiye uliyemrudisha nyumbani."

Tangu hapo kila siku ya soko Tenin alimpelekea bakuli la chakula, limefunikwa kwa kitambaa safi. Nankoman alilipokea akitazama chini. Watu walisema ni adabu.

Bugari, kabla ya kukitia chuma motoni, aliuliza alichokuwa lazima aulize. "Chuma kilichoua mtu lazima kinyamazishwe kwanza, na namna ya kukinyamazisha inategemea kifo chenyewe. Niambie kweli. Burema aliita? Kuna mtu alimsikia?"

"Hapana," Nankoman alisema. "Nilimkuta ameshanyamaza."

Mzee akatafuna kokwa ya kola, akakitemea chuma, akakisomea maneno ya mtu aliyekufa peke yake bila kuita. Kisha akavuvia moto.

Gobore likatoka zuri mno. Lilimkaa begani kama lilizaliwa hapo, na risasi ya kwanza ikaleta paa, na shingo ya paa ikaenda kwa Bugari kama inavyotakiwa. Nyumba ikanukia nyama, Sayon akaanza kuimba jikoni. Mpaka asubuhi ile mtutu ulipotazama ndani.

Mara ya pili ulielekea zizini, na huko wakamkuta mbuzi mwenye mimba amelala ubavu, ulimi nje, bila jeraha hata la mwiba.

"Kuna mtu anatuchezea," Sayon alinong'ona.

"Ni upepo."

"Upepo gani unanyanyua chuma, Nankoman? Na mbona hunitazami?"

Mara ya tatu Nankoman hakulala. Alikaa na mgongo ukutani akilikodolea macho, baruti ameshaitoa na fataki ameshazificha, na kuelekea alfajiri akalisikia likikohoa, kikohozi kifupi cha mtu anayesafisha koo ili aite, kutoka ndani kabisa ya mtutu, na harufu ya petroli ikashuka kutoka ukutani ikajaza chumba kama maji yanavyojaa kisimani, na gobore likaanza kugeuka polepole juu ya vigingi vyake bila mkono wowote kuligusa, likaupita mlango, likampita Sayon aliyelala, likampita yeye mwenyewe ambaye alikuwa amefumba macho akiomba lisimame hapo hapo kwake, likaenda kusimama juu ya mkeka wa Nanyuma.

Nanyuma akafumbua macho. Hakuonekana kuogopa.

"Baba," akasema, "baba Burema anakuita. Kwa nini huitiki?"

Kulipopambazuka mtoto alikuwa anawaka homa. Sayon alipomvua nguo ampake mafuta ya siagi, mikono yake ilisimama hewani. Kifuani kwa Nanyuma palikuwa na alama, mstari mwekundu uliopinda kutoka bega hadi bega, kama mtu aliyeegemezwa kwa nguvu kwenye ukingo wa sinia.

"Hii ni nini?" Sayon aliuliza kwa sauti ndogo. "Nankoman, mbona unaitazama kama unaijua?"

Alikuwa anaijua. Alikuwa ameiona kifuani mwa Burema walipomwosha. Ilikuwa alama ya usukani.

Alilifunga gobore kwa blanketi, akaenda nalo kwa Bugari. Mzee hata hakulifungua. Alinusa tu, akaweka nyundo chini.

"Nilikuuliza," alisema.

"Nilifundishwa tangu utoto," Nankoman alisema, akitazama vidole vyake vya miguu, "kwamba saa sita mchana porini ukiitwa usiitike. Ni jini la bondeni. Siku ile nilipoitwa nikasema kwa sauti kabisa, mzee, ili nijipe moyo: hilo ni jini."

"Ni kweli, hufundishwa hivyo. Ilikuitaje hiyo sauti?"

Nankoman akafukua majivu kwa kidole cha mguu.

"Nakuuliza ilikuitaje."

"Mla kunde."

Bugari aliyachochea makaa yaliyokuwa yameanza kuvaa majivu.

"Majini hayana watani," alisema. "Ulijua ni nani."

Alijua. Aliitwa mara ya kwanza akaogopa kweli. Mara ya pili sauti iliposema mla kunde njoo, nimebanwa, njoo na kamba, woga ulimtoka wote, na mahali ulipotoka pakaingia shafti. Aliiona kwa macho ya moyo, ndefu, nzito, isiyo na mshono. Akajiambia atakwenda, ngoja kwanza apumzike. Akakaa kivulini, akafungua karanga zake, akala moja moja. Sauti ikaita, ikatania, ikaomba. Karanga zilipokwisha na sauti ilikuwa imekwisha.

"Ulipomwita mtu jini," Bugari alisema, "jini la bondeni lilikuwa hapo linasikiliza. Limepewa sauti nzima ya binadamu, bure. Wewe mwenyewe, mpenda vya bei rahisi, ungeikataa? Likaichukua. Na mimi nikakisomea chuma maneno yasiyo yake, nikalifungulia mlango. Sasa limepata sauti na linataka kuitikiwa."

"Nimpe nini? Kuku? Mbuzi?"

"Itikia. Mbele ya mwenyewe."

"Mwenyewe amekufa."

"Mkewe hajafa."

Nankoman alijishika kichwa. "Mzee, Tenin ananiletea chakula."

"Ndiyo maana nasema mbele yake. Nenda ukachague, na uchague upesi. Kifua cha mtoto si chuma."

Siku hiyo hiyo, jua likipanda utosini, walikutana kiwandani kwa mhunzi. Sayon alikaa nje na Nanyuma mapajani, mtoto akivuta pumzi fupi fupi kama aliyekaliwa na mtu. Tenin alikuja na bakuli lake kichwani, maana ilikuwa siku ya soko, na hakuna aliyemweleza anaitiwa nini. Bugari akauchomoa mtutu kwenye kitako, akauchomeka katikati ya makaa, akavuta viriba vya kuvuvia moto.

Chuma kikawa chekundu. Kuku wakaacha kuparura, hata nzi wakatua. Ndipo mtutu ukakohoa, na kutoka ndani ya moto, kwa sauti ya Burema Kulubali yenye mkwaruzo wa vumbi la barabarani na kicheko nyuma yake, ikatoka: "Mla kunde. Njoo, bwana. Nimebanwa."

Bakuli likashuka kichwani kwa Tenin polepole. Alilishika kifuani kwa mikono miwili.

"Ni yeye," alisema.

"Mla kunde, unanisikia?"

Nankoman akarudi nyuma hatua moja. Nyuma yake Nanyuma alilia mara moja, sauti nyembamba iliyokatika katikati, na Nankoman akapiga magoti pale kwenye majivu akasema naam, nakusikia, nilikusikia siku ile, nilikusikia ulipoita mara ya kwanza na nilikusikia ulipoita mara ya mwisho, nilikuwa nimekaa juu ya bonde, kivulini, kamba ilikuwa kiunoni mwangu, nilikuwa naitaka shafti, nilikaa nikila karanga mpaka ukanyamaza.

Mtutu ukalia. Haukupasuka, ulilia mlio mrefu, kisha ukajikunja wenyewe kama ukucha wa mzee, na harufu ya petroli ikapita katikati yao ikatoka nje. Sayon akaita kwa mshangao: Nanyuma alikuwa anaomba maji.

Tenin hakuwa amesogea.

"Zile karanga," alisema. "Za asubuhi ile ulipopita kwangu?"

"Ndiyo."

"Nilizokukaangia mimi."

"Ndiyo, mama."

Akaliweka bakuli chini mbele yake, likiwa limefunikwa kama kawaida, akaondoka. Hakulaani. Nankoman alisema baadaye kwamba heri angelaani, laana ina mganga wake.

"Limetoka?" alimwuliza Bugari.

"Kwenye chuma limetoka," mzee alisema, akikitupa kile kipande kwenye shimo la maji. "Sauti mimi siiwezi. Uliigawa mwenyewe."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hivyo ndivyo ilivyo. Tenin alirudi kwao Kita, akaolewa huko, nyumba yake imeota nyasi. Nankoman amerudia bunduki za kuazima, na zamani alikuwa hodari, lakini siku hizi harudi na kitu, na wenzake wanajua sababu: awe ananyemelea paa, awe amelenga, ikifika saa sita mchana anaacha yote, anasimama wima na kuitika kwa sauti kubwa, "Naam, nakusikia," na wanyama wote wanatimka. Vijana wanamcheka. Wanasema mzee Keita anaongea na tumbo lake la kunde.

Sayon hacheki, kwa kuwa yeye huisikia sauti ya Burema ikiita mlangoni, na hakuna mtu amesimama. Na Nanyuma, ambaye sasa ni mkubwa wa kubeba mtungi mwenyewe, jua likifika utosini husimama popote alipo, anautua mtungi, anaweka mkono kifuani pale palipokuwa na alama, na hapumui mpaka ahisi baba yake ameitika.