Salamu za Ngazini

Kila jioni Chiriku alibeba kapu la sokoni, akapanda ngazi na mama yake hadi ghorofa ya tatu. Jina hilo alipewa na shangazi yake kwa sababu mdomo wake haupoi. Tangu mama awekewe vali mpya ya moyo, kile kilango cha kupitishia damu, naye alikuwa amepata tabia mpya ya kusalimia watu. Kila ngazi zilipokata kona alishika reli na kuita, "Jirani, hamjambo humo?" Chiriku alifurahi kuona mama amechangamka, mpaka siku mama huyo aliposalimia mlango wa jirani aliyekwisha kuhama.

"Mama, humo hamna mtu."

"Najua," mama alijibu akihema. "Twende."

Kesho yake walikwenda kliniki. Mama, fundi cherehani hodari, alitaka ruhusa ya kurudi kazini. "Leo mdomo wako upe likizo," alimwonya Chiriku mlangoni.

"Ngazi unapandaje, mama?" daktari aliuliza.

"Vizuri tu. Sina tatizo."

"Basi tunaweza kukupunguzia dawa."

Chiriku alishikwa na hofu. Hakutaka kumtia mama aibu, lakini kumpoteza hakutaka hata kidogo. "Daktari, mama anasalimia milango mitupu ili apate kupumzika."

Mama alimkata jicho. Daktari hakucheka. Alimlaza mama kitandani, akampima moyo kwa mashine ya picha na kuitazama kwa makini.

"Vali inafanya kazi safi," alisema. "Lakini ile ya zamani ilikuwa haifunguki vizuri, na kwa miaka mingi damu ilijazana kwenye mapafu. Mishipa ya humo imekakamaa. Shinikizo la damu ndani yake limeshuka baada ya upasuaji, ila bado liko juu, ndiyo maana unahema. Kwa wengi huendelea kushuka polepole. Dawa hatupunguzi."

"Niliogopa mtasema upasuaji umeharibika," mama alisema taratibu. "Tena nimechoka kukaa bure."

"Cherehani utairudia, nusu siku kwa kuanzia. Lakini mimi hutibu kwa kile ninachoambiwa. Ukinificha, nitamtibu mtu ambaye si wewe." Akamgeukia Chiriku. "Nawe binti, kusema ukweli kwa daktari si umbea."

Jioni, ngazi zilipokata kona ya kwanza, mama aliketi kabisa.

"Leo tunamsalimia nani?" Chiriku aliuliza.

"Hatumsalimii mtu. Tunapumzika." Mama akamvuta aketi kando yake. "Haya, likizo imekwisha. Zungumza, nakusikiliza."