Nani Yumo?

Jamani, mimi nauza chai kwenye kituo cha mafuta, kando ya barabara kuu. Wasafiri wa kila aina nawaona, kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba haya nayasema kwa kusikia tu.

Asubuhi moja nyumba fulani iliamka kwa furaha. Mjukuu mkubwa wa mama mmoja mjane alikuwa amejifungua, na familia inakwenda kumwona kitukuu. Mama alijichoma sindano yake ya sukari, akakaa kiti cha nyuma kabisa na blanketi magotini. Mwanawe, wakala wa bima, alishika usukani. Mkewe alikaa pembeni yake, na binti zao wawili kiti cha kati. Gari lina ubaridi, lina muziki, na kila mtu ana skrini yake.

"Mwanangu, tusimame nile kidogo," mama alisema. "Sindano haitaki tumbo tupu."

"Tutakula tukifika, mama. Simu inasema tukikaza mwendo tutawahi."

Simu inasema! Mama mzazi naye anasema, lakini aliyesikilizwa ni simu.

Kwangu walisimama kutia mafuta tu. Mwana akaenda dirishani kulipa, na mama akateremka polepole, akaja kibandani kutafuta mkate. Mwana aliporudi, aliona kwenye kioo blanketi limevimba kitini, akaridhika.

"Mpo?" akauliza bila kugeuka.

"Tupo!" akajibu binti mmoja, masikio yamezibwa na muziki.

Wakaondoka.

Mama alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha jasho likamtoka na mikono ikaanza kutetemeka. Mkoba wake, simu yake, vyote vilikuwa garini. Nilimkalisha juu ya kreti, nikamkorogea chai nzito ya sukari.

"Mwanangu, mimi sukari nimekatazwa," akasema kwa sauti ndogo.

"Leo ndiyo dawa, mama. Kunywa!"

Akanywa, akala mkate, macho yakarudi. Nawaambia kweli, niliogopa. Angefia mikononi mwangu, na watu wake wako mbele huko wanashindana na saa.

Alipopata nguvu ndipo akanisimulia gari la baba yake, la kuwashwa kwa kuzungusha hendeli ya chuma kwa mkono. Mlimani lilichoka, watu wote wakashuka wakasukuma, na yeye mtoto akafuata nyuma na jiwe la kuzuia gurudumu. Likishika moto halisubiri mtu. Mnadandia likitembea.

"Ndiyo maana baba hakuuliza 'Mpo?' kama anavyouliza mwanangu," akasema. "Alisema aliyepo anaweza kuwa nje na jiwe lake. Aliuliza, 'Nani yumo?' Basi kila mtu anajibu kwa kinywa chake, 'Nimo!' Asiposikia sauti ya mmoja, hakanyagi mafuta."

Msidhani nasifia shida. Gari lile lilikuwa bovu, vumbi lilikula macho, na safari ya leo wao waliimaliza keshokutwa. Lakini walifika wote.

Jua lilikuwa limepanda sana gari liliporudi kwa kasi. Mkwe ndiye aliyegeuka kumpa mama maji, akakuta blanketi. Mwana akashuka mbio.

"Mama, nisamehe! Tulidhani upo!"

"Nilikuwepo," mama akajibu bila kuinuka kwenye kreti. "Sikuwemo."

"Basi twende, mama, tumeshachelewa."

"Siingii. Mnakimbilia kumwona mtoto wa jana, na mimi niliyewazaa mmenisahau kama mwavuli! Shukeni wote."

Wakashuka. Wateja wangu wakaacha vikombe wakatazama, na mwana akaona haya. Mama hakujali. Akapanda wa kwanza, akawaita mmoja mmoja.

"Nani yumo?"

"Nimo, mama," akasema mkwe.

"Nimo, bibi." Huyo ni binti aliyejibu "tupo", na alikuwa analia.

"Nimo, bibi," akafuata mdogo wake.

"Na dereva?"

Simu ya mwana ikalia. Akaitazama, akaizima, akampa mkewe. "Nimo, mama."

"Haya. Na tukifika kwenye chakula, tunasimama."

FUNZO

Ndugu zangu, barabara nzuri na gari zuri havimfikishi mtu aliyesahauliwa. Mwenye kusafiri na wazee na watoto asikilize vinywa vyao kabla ya simu yake, na asiondoe gari kabla ya kugeuza shingo. Shingo haina gharama.

Nami siku hizi gari likitaka kutoka hapa, napaza sauti: "Nani yumo?" Wengine wananicheka, wengine wananiita kichaa. Na waniite. Kreti lile bado liko pale, na sitaki kumkalisha mama wa mtu tena.