Redio ya Mpira Chumbani kwa Bibi

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia dukani kwa mama yake, fundi cherehani, akamwokotea vipande vya nguo sakafuni, kisha akaenda nyumbani kumsaidia bibi kupika. Jina la Chiriku alipewa na mjomba wake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini juma lile alikuwa kimya. Kulikuwa na jambo nyumbani ambalo halikumwingia akilini.

Bibi, ambaye siku zote alidonoa chakula kama ndege, sasa alijaza sahani mpaka pomoni. Halafu aliingia nayo chumbani na kufunga komeo.

"Bibi, siku hizi unakula peke yako?" Chiriku aliuliza.

"Kiti cha sebuleni kinaniumiza mgongo," bibi alijibu bila kumtazama.

Halafu ikaja redio. Bibi hakupenda mpira hata kidogo. Alizoea kusema ni watu wazima wanaogombea kitu kimoja kama watoto. Lakini jioni moja chumbani mwake mlisikika mechi, na goli lilipofungwa mtu alishangilia. Sauti ilikatika ghafla, kama ya mtu aliyezibwa mdomo. Haikuwa sauti ya bibi.

Kesho yake, mwanamume mmoja aliingia dukani. Alikuwa amevaa nguo za kawaida, lakini alionyesha kitambulisho cha askari.

"Wewe ndiye uliyemdhamini mdogo wako, fundi wa kuchomelea vyuma?"

"Ndiyo mimi," mama alijibu. "Kuna nini?"

"Kesi yake ya wizi wa mabomba iliitwa na hakutokea mahakamani. Hakimu ametoa hati ya kumkamata. Na wewe mdhamini unatakiwa ufike ueleze yuko wapi. Asipopatikana, utadaiwa dhamana uliyoitia saini."

Mguu wa mama ulisimama juu ya kanyagio la cherehani. "Lakini aliniaga! Aliniambia anakwenda mahakamani!"

Askari alitazama pazia la nyuma, akatazama kabati, kisha akamgeukia Chiriku. "Na wewe binti, umemwona mjomba wako?"

"Sijamwona," Chiriku alijibu.

Ni kweli hakuwa amemwona. Lakini alijua kwamba hakusema ukweli wote.

"Sawa," askari alisema taratibu. "Mkumbuke tu kwamba anayemficha mtu anayetafutwa, naye anajitia matatani."

Alipoondoka, mama alimkazia macho binti yake. "Mbona umebadilika hivyo? Unajua kitu?"

Chiriku aliinamisha kichwa. Akikaa kimya, mama angeumia. Akisema, mjomba angekamatwa. Mwishowe alinong'ona, "Mama, bibi anasikiliza mpira."

"Nini?"

"Anasikiliza mpira, na anakula sahani nzima."

Mama aliweka mkasi chini. Alifunga duka mchana kweupe, wakaenda nyumbani.

"Mama, fungua," mama aliita mlangoni kwa bibi.

"Nimelala, mwanangu."

"Umelala na mtangazaji wa mpira?"

Redio ilizimwa. Komeo likafunguliwa. Mjomba alikuwa ameketi sakafuni nyuma ya kitanda, ndevu zimemjaa.

"Dada, nisamehe," alisema. "Mwenzangu wa karakana aliniambia nikikanyaga mahakamani sitoki."

"Kwani uliiba yale mabomba?"

"Mimi siibi! Mteja aliniletea nimtengenezee madirisha. Ningejuaje kwamba ni ya wizi? Hata mama wa chai, yule anayeuza pale karakanani, alimwona akiyashusha."

"Una shahidi, halafu unajificha nyuma ya kitanda?"

"Usimfokee," bibi aliingilia. "Ni mwanangu. Ulitaka nimfukuze?"

"Na mimi je, Mama? Mimi si mwanao?"

Mjomba aliwatazama wote wawili, kisha akavuta viatu vyake na kuvivaa. "Twende kituoni," alisema.

Chiriku alidhani mjomba akiomba radhi mambo yatakwisha. Haikuwa hivyo. Hakimu alimfutia dhamana, akawekwa mahabusu mpaka kesi iishe. Mama, kwa kuwa alimleta mwenyewe, hakudaiwa kitu, ila alionywa vikali. Mama wa chai alitoa ushahidi, na mjomba akaonekana hana hatia ya mabomba. Lakini kwa kosa la kuruka dhamana alishtakiwa upya, akakiri, akafungwa jela miezi kadhaa.

Alipotoka alikuwa amekonda. Nafasi yake karakanani ilikuwa imechukuliwa na yule yule mwenzake aliyemshauri akimbie. Sasa ndiye aliyewatengenezea mageti wateja wa mjomba.

Chiriku alimkwepa mjomba siku nzima, mpaka mwenyewe akamfuata uani.

"Umenikasirikia?"

"Mimi nilidhani wewe ndiye umekasirika," Chiriku alisema. "Mimi ndiye niliyesema."

Mjomba aliketi karibu naye. "Sikiliza, mpwa wangu. Mabomba hayakunifunga. Kilichonifunga ni miguu yangu mwenyewe. Dhamana si ruhusa ya kwenda zako. Ni ahadi kwamba ukiitwa utarudi, na mtu anayekupenda anasimama nyuma ya ahadi hiyo. Mimi nilikimbia, nikamwachia dada yangu mzigo. Usingesema, mpaka leo ningekuwa nashtuka kila mlango ukigongwa."

Siku iliyofuata alikwenda kutafuta kazi katika karakana nyingine, na Chiriku akamsindikiza. Mwenye karakana, aliyeijua kazi yake, alimkagua kuanzia viatu hadi kichwani.

"Fundi mzuri kama wewe, ulikuwa wapi miezi yote hii?"

Chiriku alishusha macho. Mjomba hakushusha yake.

"Jela," alijibu. "Niliruka dhamana."

Yule mwenye karakana alimpa kinga ya macho ya kuchomelea na kumwonyesha geti lililovunjika.