Almina na Somo la Michezo

"Mama Almina, hivi huyu binti amefeli nini mpaka wakamtupa kwenye michezo?"

Farhat aliuliza hivyo wakiwa wanasubiri lifti, mbele ya watu wanne. Farhat alikuwa jirani wa mlango wa tatu, ghorofa ya kumi na moja, katika moja ya majengo marefu ya mtaa wa Thorncliffe Park, mjini Toronto, Kanada. Hakuwa mtu mbaya. Mdomo wake tu ndio haukuwa na breki.

"Hajafeli kitu," alijibu Gulshan.

"Basi mbona namkuta kwenye ngazi kila siku? Anapanda, anashuka, anajishika shingo, anatazama saa. Nikamuuliza, unafanya nini mwanangu? Ananiambia, kazi ya shule. Jamani! Mimi nimesoma Mwanza. Kazi ya shule ni daftari, si ngazi!"

Watu walicheka. Gulshan naye alicheka kidogo ili yaishe. Lakini swali lile lilimwingia moyoni, likakaa.

Gulshan alikuwa mjane. Mumewe alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita baada ya kuugua muda mrefu. Yeye mwenyewe alisoma Tabora hadi darasa la saba, basi. Asubuhi alikunja sambusa katika jiko la duka la vyakula karibu na nyumbani. Jioni alikwenda jamatkhana ya Waismailia kusali. Mvua inyeshe, theluji ianguke, hakukosa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Almina, msichana wa miaka kumi na saba, aliyekuwa ameanza mwaka wa mwisho wa sekondari.

Jioni ile alimkalisha mezani.

"Almina, mwaka huu unasoma nini?"

Almina alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi waliokulia Toronto.

"Kwa Kiswahili, mwanangu."

"Biolojia, kemia, hesabu, Kiingereza. Na... michezo."

"Michezo ni somo?"

"Ndiyo. Mimi nalipenda kuliko yote."

Gulshan alikumbuka kipindi cha michezo kule Tabora. Wavulana walipiga mpira. Wasichana walipewa mafyekeo, wakakata nyasi za uwanja. Tena alikumbuka jinsi wanafunzi wa sekondari walivyogawanywa. Ukishawekwa mchepuo huu, ule mwingine ndiyo basi tena. Na Almina tangu zamani alisema anataka kutibu watu. Je, wamemfungia mlango, na yeye mama yake hana habari?

Katika ukoo wao, jambo kubwa lilipelekwa kwa mkubwa. Mkubwa alikuwa Sadru, kaka wa marehemu, mwenye duka la matairi huko Etobicoke, magharibi mwa jiji. Tangu mazishi, karatasi zote za shule alizisoma Sadru. Gulshan aliweka sahihi pale shemeji yake alipomwonyesha kwa kidole. Basi akampigia simu.

Jumatatu Sadru alifika na fomu mkononi.

"Ya Ali madad, shemeji."

"Maula Ali madad. Karibu. Kaa, chai iko tayari."

"Chai baadaye. Nimepita shuleni kwake. Hii ni fomu ya kuacha somo. Nimeshajaza kila kitu. Atasoma mambo ya biashara badala ya hayo. Wewe mama yake weka sahihi hapa chini. Mwisho ni Ijumaa."

Almina alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Baba mkubwa, chuo kikuu kinalihesabu somo hili."

"Nyamaza. Watu wazima wanaongea. Marehemu ndugu yangu hakuja nchi ya baridi kama hii ili mwanawe arushe mpira."

"Siyo kurusha mpira! Mama, usisaini. Nakuomba."

Gulshan alikuwa ameshashika kalamu. Akamtazama mwanawe. Almina hakuwa mtoto wa kulialia. Siku ya mazishi alisimama wima, akawapa wageni maji. Leo machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni.

Gulshan aliweka kalamu chini.

"Shemeji, niachie mpaka Ijumaa. Nataka nione kwanza."

"Uone nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kuona."

Kesho yake asubuhi, Gift alikuja dukani kununua sambusa zake mbili kama kawaida. Gift alikuwa mwanamke wa Iringa. Alifanya kazi katika kliniki ya mazoezi tiba, mahali wanapotibiwa watu walioumia mgongo, magoti na mabega. Gulshan alimvuta pembeni, akamweleza yote.

Gift alicheka mpaka akaweka sambusa chini.

"Pole, Mama Almina, sikucheki wewe. Hata mimi nilipofika nilidhani hivyo hivyo. Sikiliza. Kuna mambo mawili hapa, na watu wetu huyachanganya. Kuna kipindi cha kucheza. Watoto wanavaa kaptula, wanakimbia, wanatoka jasho. Kizuri, kina faida yake. Halafu kuna somo lenyewe, la jinsi mwili unavyofanya kazi mtu anapocheza. Wanasoma mifupa, misuli, moyo, mapafu. Kwa nini mtu anaumia, na anaponaje. Wanafanya mtihani kama wa biolojia."

"Sasa kwa nini apande ngazi?"

"Anapima mapigo ya moyo. Akishajishika shingo, anahesabu. Akimaliza anaandika."

Gulshan aliona aibu kidogo. "Na chuo kikuu?"

"Vyuo vya jimbo hili la Ontario mara nyingi huangalia alama za masomo sita ya darasa la kumi na mbili. Tazama karatasi yake. Kila somo lina namba. Ukiona herufi U mwishoni, hilo ni la kuendea chuo kikuu. La Almina nadhani linayo."

"Halimfungii kitu kingine?"

"Hapa hakuna mchepuo kama kwetu. Analisoma pamoja na biolojia na kemia yake. Ila kila kozi ya chuo ina masomo yake ya lazima, na hayo ndiyo ya kuuliza mapema. Nenda shuleni. Usiogope."

"Kiingereza changu ni cha kununulia vitunguu, Gift."

Gift alicheka tena. "Mwambie Almina akutafsirie, au piga simu uombe mkalimani. Wewe ni mzazi. Kuuliza ni haki yako."

Alhamisi Gulshan aliomba ruhusa kazini. Alivaa koti lake zuri, akaenda shuleni kwa miguu. Almina alimpokea mlangoni, akampeleka kwa mwalimu wake, kijana mrefu aitwaye Shane.

Gulshan alitegemea kukuta mipira. Badala yake alikuta madawati, vitabu vinene, na mifupa ya mtu mzima ya plastiki ikining'inia kwenye chuma. Mtu fulani alikuwa ameivika kofia ya sufu.

Mwalimu Shane alisema maneno machache, akaketi.

"Anasema nieleze mimi," alisema Almina. "Kwa Kiswahili."

Akaanza polepole. Maneno mengine aliyatafuta, mengine mama yake akamsaidia.

"Huu ni mfupa wa paja. Mrefu kuliko yote. Hapa ni bega. Bega ni kama... mpira mdogo ndani ya kikombe. Kikombe si kirefu. Ndiyo maana bega linazunguka pande zote, na ndiyo maana linaumia upesi. Mama, inua mikono."

Gulshan aliinua. Mkono wa kushoto ulifika juu. Wa kulia ukakwama usawa wa sikio.

"Tangu lini?"

"Tangu baba yako alipolala kitandani. Nilikuwa namgeuza."

Almina aliushika mkono ule. Kisha akasema, "Nilikuwa nakuona. Ulimnyanyua kwa mikono mitupu, umeinama, miguu imenyooka. Wewe uliumia, na yeye alilia. Hakuna aliyetuonyesha namna. Mimi nataka niwe mtu wa kuonyesha."

Gulshan alishika ukingo wa dawati. Miaka mitatu alikuwa akilala chumba kimoja na mtoto huyu. Miaka mitatu hakujua.

Alimgeukia mwalimu. "U?" aliuliza, akionyesha karatasi ya masomo.

Mwalimu Shane akaweka kidole kwenye herufi ile, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akafungua kompyuta, akawaonyesha masomo ya lazima kwa kozi ya chuo aliyoitaka Almina. Biolojia, alikuwa nayo. Kemia, alikuwa nayo. Hesabu, alikuwa nayo. Gulshan alihakikisha moja moja, kama anavyokagua mchele.

Ijumaa jioni Sadru alikuja kuchukua fomu. Gulshan alimpa. Mahali pa sahihi palikuwa patupu.

"Sikusaini, shemeji."

"Nani amekujaza maneno?"

"Nimekwenda mwenyewe shuleni. Nimeona, nimeuliza. Somo linahesabiwa, na halimzuii kitu."

"Wewe umekwenda shuleni?"

"Kwa miguu yangu miwili."

Sadru alikunja fomu. "Haya. Akianguka usinipigie simu."

"Sawa, shemeji. Nakuheshimu kama kaka yangu. Lakini mtoto ni wangu, na sahihi ni yangu."

Hakuwahi kumjibu hivyo. Usiku ule, baada ya sala, alilala vizuri.

Baridi ilipoingia, Almina alipewa kazi kubwa. Alitakiwa amchague mtu mmoja, ampangie mazoezi ya wiki sita, apime na aandike. Alimchagua mama yake. Kila jioni Gulshan alisimama ukutani, akapandisha vidole vya mkono wa kulia juu ya ukuta, huku Almina akiweka alama kwa penseli. Hakuzidishiwa wala hakuharakishwa. Palipouma waliacha, na Gift alipita mara moja moja kuangalia. Wiki ya sita, mkono ulipita kizingiti cha juu cha mlango.

Matokeo yalitoka baada ya muhula kwisha. Hesabu asilimia themanini na nne. Biolojia tisini na moja. Michezo, tisini na sita. Mwishoni mwa Februari ikaja barua ya chuo kikuu. Almina amekubaliwa kusomea elimu ya mwili na mwendo wake. Akimaliza ataweza kuomba masomo ya juu ya mazoezi tiba. Gulshan alipiga kelele hata Farhat akaja mbio bila viatu.

"Kuna nini? Moto?"

"Almina amepata chuo!"

"Yaa Maula! Kwa yale mambo ya ngazi?"

"Kwa yale mambo ya ngazi."

Jumapili Sadru alikuja, pamoja na binti yake Sabreen, aliyekuwa mwaka mmoja nyuma ya Almina. Gulshan alimpa barua. Sadru alivaa miwani, akaisoma mara mbili. Akatazama na karatasi ya alama.

"Hii tisini na sita ni ya nini?"

"Michezo, Baba mkubwa," alisema Almina.

Sadru alikohoa. Hapo Sabreen akafungua begi lake, akatoa karatasi, akaiweka mezani mbele ya baba yake.

"Baba, ni masomo yangu ya mwaka ujao. Na mimi nimechagua hilo. Wanataka sahihi ya mzazi kesho."

Farhat, aliyekuwa amekuja kuwatembelea na alikuwa anamenya chungwa, akaacha kumenya. Gulshan alimimina chai. Haikuwa zamu yake kusema.

Sadru alisoma karatasi ile kutoka juu hadi chini. Kidole chake kilisimama kwenye herufi moja.

"Biolojia umechukua?"

"Nimechukua, baba."

"Kemia?"

"Na kemia."

Sadru akatoa kalamu mfukoni mwa shati. Akaweka sahihi, kubwa, ya kusomeka. Akavua miwani. Akavaa koti, akafunga vifungo vyote, akavaa viatu vyake vya theluji mlangoni. Kisha akatoka, akamsahau hata Sabreen.