Kioo cha Upande wa Kulia

"Dada, hicho hakikufai."

Teodora hakugeuka. Alikuwa ameinamia meza ya spea za baiskeli pale Mabatini, wateja wanasukumana, spika ya duka la jirani inanguruma, na mkononi ameshika kioo cha duara chenye shina refu. Mtu akazunguka na kusimama mbele yake. Alikuwa kijana mrefu, fulana ya kijani iliyopauka, grisi hadi kwenye viwiko.

"Nimekuita mara tatu. Au wavaa raba nyeupe hawaongei na mafundi?"

Teodora akacheka kwa aibu. Hakuwa na maringo. Sikio lake la kulia lilikufa akiwa kidato cha tatu, alipougua homa ya uti wa mgongo, na tangu hapo alilificha kwa mitandio na kwa kuchagua viti. Mwanaume wa kwanza kuelezwa siri hiyo aliaga kistaarabu, hakurudi tena.

"Nisamehe kaka, kelele nyingi. Hiki kina ubaya gani?"

"Hiki ni cha usukani ulionyooka. Yako nimeiona pale nje, ya mbio, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Ukikifunga kitatikisika mpaka gari moja ulione matatu." Akachomoa kingine kutoka boksi, kidogo kama kifuniko cha chupa. "Hiki kinabandikwa kwenye helmeti. Kizuri, ila ukigeuza kichwa, na barabara inageuka. Sasa tazama hiki. Unatoa kizibo cha mwisho wa usukani, unakichomeka, unakaza. Kimebinuka kidogo, kwa hiyo barabara yote unaiona. Ila magari yataonekana yako mbali kuliko yalivyo, usijisahau. Tufunge upande gani?"

"Kulia," alijibu haraka mno.

Fundi hakuuliza kwa nini. Alimpandisha kwenye baiskeli pale nje, akakifunga, kisha akaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua kati ya watu na mikokoteni.

"Unaniona?"

"Nakuona!"

"Naonekanaje?"

"Mfupi!"

Wauza mitumba wakaangua kicheko. Fundi akarudi akitabasamu. "Naitwa Machibya. Kikilegea, nipigie."

"Na kisipolegea?"

"Nipigie unipe taarifa kwamba hakijalegea."

Hakikulegea, na alipiga. Wiki ya pili, kwenye mteremko wa Butimba, kioo kilimwonyesha basi likija kwa kasi, basi ambalo hakulisikia hata kidogo. Akatoka nje ya lami, likampita likipeperusha vumbi usoni. Alipofika duka la dawa la Nyegezi alikofanya kazi, alimpigia.

"Asante, Machi."

"Asante ya nini tena, mrembo?"

"Ya kioo tu. Pokea."

Miezi miwili ikapita kwa simu za asubuhi na samaki sato wa kukaanga siku za mapumziko. Teodora akawa "Teo wangu", Machibya akawa "fundi wangu". Jumapili moja walikwenda Luchelele, Teodora na blauzi ya njano iliyompendeza. Walitembea ufukweni wakikokota baiskeli, upepo wa ziwa ukivuma, mawimbi yakipiga mawe. Kwa furaha ya siku ile alisahau kuchagua upande. Machibya alikuwa kulia kwake, macho kwenye maji. Alipomgeukia, Teodora akaona uso wake unangoja kitu, na nyuma yake wingu jeusi juu ya ziwa.

"Twende," akasema, "mvua inakuja."

Machibya akageuza baiskeli, akatangulia. Siku tano hakupiga. Ya sita, Teodora akapiga yeye.

"Machi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nimekuuliza jambo kubwa, ukaniambia mvua inakuja. Nimeelewa, Teo. Tusizungushane."

Simu ikakatika. Teodora akakaa juu ya katoni la dawa, akaikumbuka ile siku, maji, upepo, na Machibya alikuwa upande gani. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Angempoteza, lakini siri ingebaki yake.

Kesho yake mchana alikuwa Mabatini. Machibya alikuwa akinyoosha ringi, hakuinua kichwa.

"Sikio langu la kulia halisikii," Teodora akasema, bila salamu. "Miaka kumi sasa. Siku ile ulikuwa kulia kwangu. Sijui uliniuliza nini."

Spana ikashuka taratibu. "Hukusikia hata neno?"

"Hata moja. Niliogopa kukuambia, nikadhani utaondoka."

Machibya akajifunika uso kwa viganja vyake vya grisi. Alipovitoa, alikuwa na mistari myeusi mashavuni na anacheka, macho yamelowa. "Mungu wangu! Nimekosa usingizi wiki nzima kwa ajili ya upepo!" Kisha akatulia. "Niondoke niende wapi, Teo? Kichwa changu chote kiko kwako."

Akapangusa mikono kwa kitambaa, akamzunguka, akasimama kushoto kwake, karibu kabisa.

"Nataka kuja kwenu na wazee wangu. Nikuoe, ukinikubali."

Teodora alikuwa amesikia kila silabi. "Rudia."

"Hujasikia tena?"

"Nimesikia vizuri. Rudia tu."

Akarudia, kwa sauti iliyowageuza wateja wote. Teodora akasema ndiyo, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa ule akamshukuru Mungu bila kubakiza neno. Akampigia mama yake aliyeko Sengerema.

"Mama, shikamoo. Nimemwambia Machibya habari ya sikio. Ndiyo, yote. Mama, hajaondoka. Anataka kuja na wazee."

Upande wa pili vigelegele vikalipuka mpaka ikabidi aisogeze simu mbali. Akampa Machibya. Fundi akaishika kwa mikono miwili, akanyoosha fulana yake iliyopauka kana kwamba anaonekana, na akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama."